Msimu Maji ya Nyamhela Yalipotakata

Wiki iliyopita nilikuwa napita nyuma ya soko hapa Shinyanga mjini, nikakutana na harufu ya matete mabichi. Fundi mmoja alikuwa ameketi chini, anayapasua kwa kisu ili asuke jamvi. Matete yakipasuliwa hutoa harufu tamu kidogo, kama muwa ulioanza kuchacha, na nyuma ya utamu huo kuna harufu ya tope. Fundi aliniona nimesimama, akasema, "Karibu mama, unataka jamvi?" Nilikwenda kukaa kwenye baraza la duka la jirani, nikaomba maji, nikayanywa polepole kama mgonjwa. Nina mvi sasa, nina wajukuu, na bado harufu ile hunirudisha Nyamhela, mahali ambapo sipendi kurudi.

Sisi hatukuwa watu wa ziwa. Baba na mama walitoka Kishapu, upande wa Mhunze, ambako wakati wa kiangazi maji yalifukuliwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Unachimba kwa mikono, unakaa kusubiri yajichuje, unayachota kwa kibuyu kidogo, na ng'ombe wa watu wengine wanakuangalia kwa kiu. Baba alikulia kwenye foleni hizo. Alipooa alihamia Geita kutafuta ardhi ya pamba, na ilipokuja operesheni ya vijiji tukapangwa pamoja na wengine kwenye kijiji kipya kando ya hori la Nyamhela. Hori lile lilikuwa kama mkono wa ziwa ulioingia katikati ya vilima viwili vya mawe. Kijito kilishuka kutoka porini na kumwaga maji yake humo, na pale mdomoni matete yaliota mazito kiasi kwamba mtu akiingia humwoni tena.

Baba alikuwa akisimulia siku ya kwanza alipoliona hori. Alivua viatu akakaa ukingoni, hakuingia. Alisema aliona haya. Maji mengi kiasi kile, na watu wanayapita kama wanavyopita majani ya porini.

Ninyi wa rika langu mnakumbuka vijiji vile vilivyoanza. Nyumba zimepangwa kwenye mistari, watu wametoka kila upande, Wasukuma, Wazinza, Wasumbwa, na wote wanategemea maji yale yale. Ng'ombe walishuka kunywa pale pale akina mama walipochota. Matete yalikatwa kuezekea. Samaki wadogo walizolewa kwa nyavu ambazo hata kiluwiluwi hapiti. Haikuchukua muda maji ya ukingoni yakaanza kunuka, na watoto wakaanza kuharisha.

Hapo ndipo alipokuja bwana samaki kutoka wilayani. Alikuja na pikipiki, akakaa siku moja tu. Alikuwa na bamba la chuma la duara, limepakwa rangi nyeupe na nyeusi, limefungwa kwenye kamba yenye mafundo. Alilishusha majini akatazama linavyopotea machoni, akawaeleza watu waliokusanyika kwamba bamba likionekana hadi mbali chini, maji yana afya, na likipotea mapema, kuna jambo. Akasema matete ndiyo chujio la hori na ndimo samaki wanamozalia. Kisha akapakia bamba lake, akaondoka, wala hatukumwona tena.

Wengine walisahau. Baba hakusahau. Alizunguka nyumba kwa nyumba, na baada ya mavuno ya pamba akapata watu waliokubali kujitolea. Hawakulipwa kitu. Walijiita Walinzi wa Hori. Waliwatengea ng'ombe njia yao, mbali na pa kuchotea. Walipanda upya matete mdomoni mwa kijito, wanaume na wanawake wamezama kwenye tope hadi kiunoni, wanaimba. Walikwenda kwa zamu kuwasihi wavuvi wenye nyavu za matundu madogo. Walipiga marufuku kufua kwa sabuni pa kuchotea maji, na hiyo ndiyo marufuku iliyokuwa rahisi kuliko zote, kwani sabuni yenyewe ilikuwa haipatikani dukani.

Bamba la chuma hawakuwa nalo. Baba akachukua sahani ya mama, ile nyeupe ya bati yenye ukingo wa buluu, akaitoboa kwa msumari.

"Sahani ya harusi yangu!" mama alipiga kelele, akimwita baba kwa jina langu. "Baba Kabula, umerogwa?"

"Nitakununulia nyingine."

"Wapi? Duka la kijiji lina chumvi na kuta!"

Mama alicheka mwishowe, lakini hakucheka kabisa. Yeye aliliona jambo la hori kama mapenzi ya mume wake kwa mwanamke mwingine. Alilivumilia, akilitazama kwa jicho la pembeni.

Mtumbwi ulikuwa wa jirani yetu, Mama Masanja. Mumewe alikuwa mvuvi, alifariki kabla sijazaliwa, akamwachia mtumbwi na mtoto mmoja, Masanja. Mama Masanja ndiye aliyenifundisha kula samaki aitwaye kamongo bila kuogopa sura yake. Mama yangu alipojifungua mdogo wangu, nilikaa kwa mama huyo hadi nikaanza kumwita mama bila kukumbuka. Alikuwa na sauti nzito na mikono inayonuka moshi wa samaki, na kila asubuhi nikimwamkia, "Shikamoo mama," alikuwa akivuta neno: "Marahabaaa, ng'wana wane," yaani mwanangu, kana kwamba ananipa kitu cha kula.

Masanja alikuwa kijana mwembamba, mcheshi, ndiye aliyepiga kasia. Baba alikaa katikati na sahani, mimi mbele. Tulikwenda hadi katikati ya hori, kisha karibu na mawe, kisha mdomoni mwa kijito. Kila mahali baba alishusha sahani, akainama hadi pua inakaribia kugusa maji, akatazama. Nami niliitazama. Ilikuwa nyeupe, halafu ya kijani kama jani changa, halafu kama jicho la paka, halafu haipo.

"Nani anakula huko chini?" niliuliza siku ya kwanza. Kwangu mimi sahani ilikuwa ya chakula. Haikunijia kwamba mtu anaweza kushusha sahani majini kwa sababu nyingine.

Baba alikuwa anahesabu mafundo, hakunisikia. Masanja ndiye aliyejibu. "Yuko bibi wa ziwa," alisema bila kucheka. "Kila wiki baba yako anampelekea sahani. Akiwa ameshiba, anaiacha ishuke mbali. Akiwa na njaa, anaidaka juu juu."

Nilimwamini. Safari iliyofuata nilificha kipande cha kiazi kwenye gauni, na baba alipokuwa anashusha sahani nikakiweka juu yake. Kikaelea. Baba alikitazama kile kiazi kinavyocheza juu ya maji, akanitazama mimi, na Masanja akacheka hadi mtumbwi ukayumba. Sikuelewa wanachochekea. Niliona tu kwamba bibi amekataa kiazi changu.

Kwa muda sahani ilikwenda ikishuka mbali zaidi. Sato walirudi kwenye mawe. Watoto waliacha kuharisha. Mwenyekiti wa kijiji, ambaye mwanzoni aliwaita walinzi wale watu wasio na kazi, sasa alipopata wageni aliwapeleka ukingoni na kuwaonyesha matete kama vile aliyapanda yeye. Baba hakujali. Nilikuwa na furaha siku zile, na nadhani hata yeye.

Halafu ikapatikana dhahabu kwenye kijito.

Si dhahabu kubwa ya mgodi. Ilikuwa ya kuokoteza, mchanga unaomeremeta, juu porini kijito kilikoanzia. Walikuja watu wachache, kisha wengi, wakajenga vibanda vya nyasi, wakachimba mashimo waliyoyaita maduara. Udongo waliutia kwenye karai, wakausukasuka ndani ya kijito hadi tope likaenda na maji na dhahabu ikabaki. Mkubwa wao alikuwa Bwana Salumu, mfanyabiashara mwenye asili ya pwani aliyekuwa na duka Shinyanga, mtu mpole, mwenye kofia ya kufuma, anayezungumza Kiswahili kizuri kuliko cha mwalimu wetu. Yeye ndiye aliyenunua kilichopatikana.

Kijito kikageuka rangi. Kwanza kama chai ya maziwa, halafu kama damu ya ng'ombe iliyokaa. Matete yakavaa tope hadi shingoni. Tulipotoka na mtumbwi, sahani ilipotea haraka, na wiki iliyofuata haraka zaidi. Masanja hakucheka tena. Mimi niliketi mbele nimekunja miguu, kwa kuwa nilijua kinachotokea: bibi ana njaa, na anapanda. Sahani aliyokuwa akiipokea chini kabisa, sasa anaipokea karibu na uso wa maji. Niliacha kuoga ziwani. Mama alinichapa kwa uchafu, na sikumwambia sababu.

Walinzi walikwenda kuongea na wachimbaji. Baba alinichukua, labda ili wale watu wamwone ni mtu mwenye familia. Bwana Salumu alitukaribisha vizuri, akatupa chai yenye sukari, sukari ambayo kijijini ilikuwa hadithi.

"Ndugu zangu," baba alisema, "hatuwakatazi riziki. Tunaomba msisukesuke udongo ndani ya kijito. Chimbeni bwawa pembeni, chukueni maji mpeleke huko, tope libaki huko."

"Ombi la haki," alisema Bwana Salumu. "Tutafanya."

Na wakafanya, kwa siku kadhaa. Halafu bwawa likajaa tope na hakuna aliyetaka kuacha kuchimba dhahabu ili azoe matope. Makarai yakarudi kijitoni. Walinzi wakaenda tena, wakapewa chai tena.

Mwaka ule pamba ilipelekwa chama cha ushirika na watu wakaambiwa wasubiri malipo. Wakasubiri. Mtu aliyesubiri malipo ya pamba huku jirani yake akitoka kijitoni na nguo mpya, unamwambia nini? Walinzi walianza kupungua mmoja mmoja. Hawakugombana na baba. Siku ya zamu walikuwa na mgonjwa, au na mgeni, kisha unawakuta kijitoni na karai. Mwisho walibaki baba na Masanja.

Asubuhi moja Masanja hakuja. Baba alimngoja ukingoni hadi jua lilipopanda, kisha tukaenda kwao. Tulimkuta anafunga nguo zake kwenye kanga ya mama yake.

"Nataka kuoa, Baba Kabula," alisema. Alikuwa anaangalia chini. "Ng'ombe za mahari siwezi kuzipata kwa kupiga kasia."

"Ulipanda matete yale kwa mikono yako."

"Niliyapanda, baba. Na wewe una mke."

Mama Masanja alikuwa anakaanga dagaa. Nilimwona akimtazama mwanawe kwa namna ambayo hata mtoto aliielewa: alitaka aende na alitaka asiende. Baba alimpa Masanja mkono, wakashikana kwa muda mrefu. Hawakuachana kwa ubaya. Nimelishikilia jambo hilo miaka yote, kwamba hawakuachana kwa ubaya.

Baba aliendelea peke yake. Alipiga kasia mwenyewe, akashusha sahani mwenyewe, na mimi mbele nikimwogopa bibi. Mwisho akachota maji ya kijito kwenye chupa, akaiziba kwa kipande cha gunzi, akapanda baiskeli kwenda Geita. Alilala njiani. Aliporudi alikuwa na vumbi hadi kwenye kope, na uso wake ulikuwa unang'aa.

"Wamenisikiliza," alimwambia mama kabla hajanywa maji. "Bomani kuna mkubwa mmoja amesimama kabisa akaitazama chupa. Ameniuliza ni wapi, ni akina nani, wako wangapi, mkubwa wao nani. Ameandika yote."

"Kwa nini aulize majina?" mama alisema.

"Ili mtaalamu wa maji akija ajue pa kuanzia."

Mama aliendelea kupepeta mtama. "Mtaalamu wa maji," alisema, kama mtu anayeonja neno asilolijua.

Walikuja kwa lori, asubuhi, tukiwa shuleni. Tuliliona likipita na askari wamesimama nyuma, na mwalimu akatuambia tuimbe. Tuliimba. Kisha tukasikia milio miwili au mitatu kutoka porini, na moshi ukaanza kupanda, kwanza mmoja, halafu mingi. Walichoma vibanda. Waliwapiga waliowakamata. Waliobaki walikimbia kila upande, kundi zima la watu likapita juu ya maduara na kingo zikaporomoka, na Masanja alikuwa chini.

Walimfukua jioni ile ile. Walimleta kwa Mama Masanja juu ya kitanda cha kamba, amefunikwa gunia la pamba, na miguu yake ilikuwa nje, myekundu kwa udongo wa kijito. Bwana Salumu hakukamatwa. Watu walisema alikuwa Shinyanga tangu juzi yake, na wengine walisema aliambiwa asiwepo.

Baba aliketi kwenye kigogo nje ya nyumba yetu. Mama alitoka akasimama mbele yake.

"Niliomba mtu wa kupima maji," baba alisema. "Mama Kabula, wewe unajua. Niliomba mtu wa kupima maji, wakaleta watu wa kupiga."

"Mimi najua," mama alisema. "Nenda ukamwambie yeye."

Alikwenda. Nilimfuata. Kati ya wanaume waliokuwa wamekaa uani hakuna aliyemsogezea gogo. Baba alichuchumaa mlangoni akaita, "Mama Masanja." Yule mama alikuwa amelala kifudifudi kwenye mkeka katikati ya wanawake. Hakuinua uso. Baba akaita tena, na mwanamke mmoja akainuka, akafunga mlango taratibu, kama unavyoufunga mlango mtoto akiwa amelala.

Siku iliyofuata nilimwamkia mwanamke pa kuchotea maji. "Shikamoo mama." Hakujibu. Nilidhani hakusikia. Nilimwamkia wa pili, na wa tatu. Njiani kurudi nyumbani nilimwamkia mzee aliyekuwa akinipa karanga kila tukikutana; akapita. Nilianza kudhani sauti yangu imeharibika, kwamba inatoka ndani ya kichwa changu tu na haifiki nje. Nilijaribu kuipaza. Nikawa nawapigia watu kelele, "Shikamoo! Shikamoo baba! Shikamoo mama!" hadi mdogo wangu mgongoni akaanza kulia. Jioni nilimwambia mama koo langu linaumwa. Alinichungulia mdomoni akitumia mwanga wa mlango, akanitia asali. Nilipomweleza kwamba watu hawanisikii, aliweka kikombe cha asali chini, akageukia ukutani.

"Wanakusikia," alisema.

Hakuna aliyetupiga, wala kututukana. Tuliomba moto, tukaambiwa umezimika, na huku unaonekana. Mbuzi wetu alipopotea hakuna aliyemwona. Mwenyekiti wa kijiji, yule aliyejisifia matete, aliwaambia watu mkutanoni kwamba baba alikwenda bomani bila idhini yake, na hilo lilikuwa kweli. Waliokuwa Walinzi walikaa mkutanoni, nao wakatikisa vichwa kukubaliana naye.

Wiki zilipita. Mama Masanja akamtuma mtoto wa jirani na maneno machache: mtumbwi wake urudishwe.

Baba alinichukua twende kuuzungusha hadi bandarini kwake. Wachimbaji walikuwa wametawanyika, kijito kilikuwa kimya, mvua ndogo ilikuwa imekiosha. Tulipofika katikati ya hori baba aliacha kupiga kasia. Alikaa. Kisha, kwa mazoea tu nadhani, akachukua sahani iliyokuwa chini ya miguu yake akaishusha.

Ilishuka. Nyeupe, kijani changa, na ikaendelea kushuka. Mafundo yaliteleza vidoleni mwake moja baada ya jingine, na sahani bado ilionekana, ndogo kama kifungo, inayumba chini kabisa. Haikuwa imewahi kufika kule. Baba alitoa sauti. Sijui ilikuwa kicheko au kilio, ilitoka mara moja tu. Aliendelea kutazama chini, akiishika kamba kama mtu anayeogopa ikikatika kila kitu kitakwenda nayo.

Na mimi, kwa akili yangu ya kitoto, nilielewa. Bibi ameshiba. Amempata Masanja, ameshiba, na ameshuka kulala.

Baba aliufunga mtumbwi kwa Mama Masanja. Mlango ulikuwa umefungwa. Tukarudi kwa miguu, na alitembea haraka hadi nikabaki nyuma. Nilimkuta ameshafika nyumbani, amesimama mlangoni, anamwambia mama kwa sauti ya mtu aliyepanda mlima: "Maji yametakata. Mama Kabula, maji yametakata kuliko yalivyopata kuwa."

Mama alikuwa anachambua mboga. Hakuinua macho.

"Na Masanja je?" alisema.

Baba alitoka mlangoni akaenda kukaa kwenye kigogo. Sikuwahi kumwona tena na sura ile aliyoingia nayo.

Wachimbaji walirudi msimu huo huo. Safari hii kulikuwa na watu wa kijijini wengi kuliko wageni, na Bwana Salumu alirudi na kofia yake ile ile na upole wake ule ule, akampelekea Mama Masanja gunia la unga. Kijito kikawa damu tena. Matete yaliyopandwa yakakatwa kujengea vibanda vipya. Baba aliyaona yakipita mbele ya nyumba yetu kwenye vichwa vya watu, mafungu kwa mafungu, yananuka, na hakutoka nje. Wakati wa kupima pamba tulisubiri kwenye foleni kutwa nzima, na kila tulipofika mbele, mizani ilikuwa na shughuli nyingine. Marobota yetu yalirudi nyumbani. Mwisho wa kiangazi tulipanda lori la mzigo, tukarudi Kishapu. Asubuhi ya kuondoka mama alikwenda peke yake kwa Mama Masanja. Alikaa huko kidogo, akarudi macho mekundu. Hakutuambia waliongea nini, wala kama waliongea.

Kishapu nilijifunza kukaa kwenye mchanga wa mto kama baba alivyokaa akiwa mtoto. Unachimba, unasubiri, unachota. Nilikuwa nimelizoea ziwa, na mikono yangu haikuwa na subira. Baba alilima mtama, akalima pamba kidogo. Watoto wa pale walimwuliza ziwa likoje, akasema hakumbuki.

Baada ya kiangazi kimoja kibaya sana, kijiji kiliamua kuchimba lambo la kuhifadhi maji ya mvua, kwa kujitolea. Serikali haikuwa na mashine ya kutuletea, hivyo ingekuwa majembe, makarai na mikono. Wazee watatu walikuja nyumbani jioni. Mama aliwapa viti.

"Baba Kabula," alisema mkubwa wao, "tumesikia kule ziwani wewe ulikuwa mlinzi wa maji. Ulikuwa na kamati, mkapanda matete. Tunataka utuongoze kwenye lambo. Hapa hakuna anayejua mambo ya maji kama wewe."

Baba alikuwa anachonga mpini. Aliendelea kuchonga.

"Mmesikia vibaya," alisema.

Wazee wakaaga. Asubuhi ilipofika tuliwasikia wakipita na majembe mabegani, wanaume na wanawake, wanaimba kama wanavyoimba Wasukuma wakienda kulima kwa pamoja. Mama alichukua jembe lililokuwa nyuma ya mlango.

"Unakwenda wapi?" baba aliuliza.

"Kuchimba."

"Baada ya yale yote?"

Mama alisimama. Yeye ndiye aliyekuwa hataki jambo la hori tangu mwanzo, yeye ndiye aliyelalamikia sahani, na yeye ndiye aliyeuliza lile swali lililomvunja mume wake. Alimtazama bila hasira.

"Watoto watakunywa nini, Baba Kabula?" alisema. "Watakunywa uchungu wako?"

Alitoka. Nilichukua karai nikamfuata. Nilipogeuka, baba alikuwa ameketi pale pale, mpini magotini, anatazama upande mwingine.

Tulichimba kiangazi chote, na cha mwaka uliofuata. Mikono ya mama ilipasuka, yangu pia. Kina mama wa pale walimpa mama nafasi katikati yao, na nilimsikia akiimba, jambo ambalo sikuwa nimelisikia tangu tutoke Geita. Mvua zilipokuja lambo likajaa hadi ukingoni, na watu waliteremka kulitazama kana kwamba ni bi harusi. Mama alirudi na ndoo ya kwanza kichwani, akaujaza mtungi, akamchotea baba kikombe.

Aliyanywa. Aliyanywa maji ya lambo lile kila siku ya maisha yake hadi alipofariki, naye hakwenda kuliona hata mara moja.